Muhuri Peke Yake Si Ukaguzi



Mkutano wetu wa mwaka wa tawi unakaribia, na kati ya mambo yatakayoletwa mbele yetu ni hoja juu ya mfuko wa maafa. Ndugu zetu wengine wanashauri kwamba tusimlipe mkaguzi wa hesabu mwenye leseni, maana ada yake ni kubwa, bali tumtafute mtu yeyote “ajuaye hesabu”, atazame daftari, apige muhuri, mambo yaishe. Nimewasikia wakisema hivyo chini ya mwembe wakati wa chai, na siwalaumu. Sh. 200/- ni nauli. Lakini nimeona ni wajibu wangu kuandika maneno machache kabla ya siku hiyo, kwa sababu jambo hili limekwisha kunifika mimi mwenyewe, nami sipendi liwafike ninyi.

Hapa Kiembeni ninapokaa tulikuwa na kikundi cha majirani cha kusaidiana katika misiba. Nyumba zilikuwa sitini hivi, kila nyumba Sh. 200/- kwa mwezi. Mweka hazina alikuwa mtu mpole, mwenye kusali, na hata leo sisemi kwamba ni mwizi. Kila mwisho wa mwaka alituletea karatasi moja yenye tarakimu, na chini yake muhuri wa wino wa buluu ulioandikwa kwamba hesabu zimekaguliwa. Tulipiga makofi, tukanywa soda, tukaenda zetu. Miaka mitatu tulipiga makofi.

Mwaka wa nne jirani yetu mmoja akafiwa na mama yake. Maiti yuko chumba cha kuhifadhia, wakwe wamefika, gari la kusafirisha jeneza hadi bara limetajiwa bei. Tukaenda kwa mweka hazina. Katika benki mlikuwa na Sh. 4,300/-. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yetu yote. Mama yule alikaa siku tisa zaidi pale alipo, na kila siku ilikuwa na gharama yake, mpaka mwanawe alipouza pikipiki.

Pesa zilikwenda wapi? Zilikuwa zimekopeshwa. Huyu alikuja na shida ya karo, akapewa. Yule alikuja na mtoto mgonjwa, akapewa. Hapakuandikwa stakabadhi, wala siku ya kurudisha, wala jina. Na kwa kuwa naandika kweli, niseme na hili: mimi pia nilikuwa nimechukua Sh. 3,000/- mwaka wa pili, nikarudisha 1,000/-, nikasahau. Wazee wa Mombasa husema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na mali ikaisha vilevile.

Binti wa jirani mmoja alikuwa akisomea mitihani ya uhasibu. Akaichukua ile karatasi yenye muhuri, akalitafuta jina la aliyetia sahihi katika orodha ya wahasibu waliosajiliwa. Akaniambia, “Mjomba, jina hili halimo. Mtu huyu si mkaguzi.” Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna orodha.

Basi tuulize: orodha hiyo ni ya nani, na ilianza lini? Wengi wetu hatujui, ingawa hesabu za mishahara yetu, za sako yetu na za pensheni yetu hupitia mikononi mwa watu hao.

Mambo haya yalianza mbali. Mwaka 1854 wahasibu wa mji wa Edinburgh, kule Scotland, walipewa hati ya kifalme ya kuwa chama. Wenzao wa Uingereza wakapata hati yao mwaka 1880. Huku kwetu, hata baada ya Uhuru, kijana aliyetaka kuwa mhasibu kamili alifanya mitihani ya vyama vya Uingereza. Maswali yalitungwa huko, na majibu yakasahihishwa huko. Strathmore ya Nairobi ilipoanza masomo ya uhasibu mwaka 1966, mitihani ilikuwa bado ya Waingereza. Mwaka 1969 Serikali ya Kenya ikaunda bodi yake yenyewe ya mitihani, ndiyo KASNEB tunayoisikia. Lakini bodi ya mitihani humpa mtu cheti tu. Akishatoka na cheti akaenda kuharibu kazi, bodi ya mitihani haina la kumfanya, kama vile mwalimu wa shule asivyoweza kumwita ofisini mtu mzima wa miaka arobaini.

Ndipo sheria ya wahasibu ilipopitishwa mwaka 1977, na mwaka 1978 kikaundwa chama cha wahasibu wa Kenya, kiitwacho ICPAK. Tanzania walitutangulia, bodi yao, NBAA, ilitokana na sheria ya mwaka 1972. Uganda walipata chama chao kwa sheria ya mwaka 1992.

Ndugu wa reli, itazameni vizuri miaka hiyo. 1977 ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na reli yetu, ambayo tangu 1948 ilikuwa moja kwa nchi zote tatu, ikakatwa vipande. Shirika la Reli la Kenya likaanza mwaka 1978. Kwa hiyo shirika letu na chama cha wahasibu ni watoto wa mwaka mmoja. Sisemi kwamba sababu ilikuwa moja. Nasema tu kwamba wazee wetu waliokuwa kazini wakati ule walijionea wenyewe maana ya hesabu. Injini iko Nairobi, deni liko London, karani aliyekatwa mshahara kwa ajili ya pensheni yuko Tabora, nani amlipe? Aliwekwa mpatanishi, Mswisi aitwaye Victor Umbricht, na mkataba wa kugawana mali na madeni haukutiwa sahihi mpaka tarehe 14 Mei 1984, huko Arusha. Miaka saba. Kila nchi ilikubali kuwalipa watu wake. Wenzetu wa Tanzania waliotumikia Jumuiya waliendelea kudai hata wakafika mahakamani, na maelewano yao na Serikali yalifikiwa mwaka 2005. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa nataka kusahihisha kosa moja nilisikialo sana. Watu husema, “Hao nao wana chama chao kama sisi tulivyo na chama chetu.” Sivyo. Chama chetu kazi yake ni kututetea sisi mbele ya mwajiri: mshahara, saa za kazi, nyumba, likizo. Chama cha wahasibu hakijadiliani mshahara na mtu. Hakiitishi mgomo. Kimewekwa na sheria ili kutunza orodha ya watu wanaostahili, kuweka kanuni za kazi, kuishauri Serikali katika mambo ya fedha, na kumwadhibu mwanachama wake anayekosa. Kwa maneno mengine, chetu humlinda mwanachama, na chao, kama kikifanya kazi yake sawasawa, humlinda mtu wa nje dhidi ya mwanachama. Mtu wa nje huyo ni wewe na mimi.

Sheria ile ya zamani ilifutwa, na mahali pake ikaja sheria ya wahasibu ya mwaka 2008, ambayo ndiyo inayotumika. Ili mtu aingie katika orodha ni lazima awe amefaulu mitihani ya mwisho ya KASNEB au mingine inayolingana nayo, na awe mtu anayefaa kwa tabia. Hata hivyo kuwa mwanachama hakutoshi kumfanya awe mkaguzi. Anayetaka kukagua hesabu za watu na kutoa maoni juu yake lazima awe pia na cheti cha kufanya kazi hiyo, na leseni. Mtu asiye na leseni akijifanya mkaguzi ametenda kosa la jinai. Iko kamati ya nidhamu inayopokea malalamiko. Inaweza kumwonya mtu, kumtoza faini, kumsimamisha, au kulifuta jina lake. Na yeyote aweza kupeleka malalamiko, hata mfagiaji wa stesheni.

Labda mwenzangu utauliza, ukaguzi wenyewe ni kitu gani? Nitaueleza kwa kazi yangu. Mimi ni mkaguzi wa mabehewa kule Changamwe. Treni ya mizigo ikishaungwa, nashika nyundo na tochi, natembea upande huu hadi mwisho, narudi upande ule. Nagonga gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Natazama viungo, breki, mipira ya hewa, milango. Kisha natia sahihi. Behewa sikulitengeneza mimi, wala siliendeshi, wala mzigo si wangu. Kazi yangu ni kusema kweli juu yake, na dereva huondoka kwa kuiamini sahihi yangu. Nikitia sahihi nikiwa nimekaa kibandani, treni itaondoka vilevile. Itafika Mazeras, itapanda mlima, na kama Mungu yuko nasi itafika Nairobi. Siku isiyofika ndipo watu watauliza nani alitia sahihi.

Mkaguzi wa hesabu naye ni hivyo. Daftari haliandiki yeye. Huja amelikuta limeandikwa, akaligonga. Benki yasema tuna kiasi gani? Stakabadhi ziko wapi? Aliyelipwa yuko, au ni jina tu? Tofauti moja ni hii: mimi hugonga kila gurudumu, yeye huchagua baadhi ya karatasi na kuzipima, kwa kuwa karatasi zote za kampuni kubwa haziwezi kusomwa. Kwa hiyo ukaguzi si ahadi kwamba hakuna hata senti moja iliyoibwa. Wengi hukosea hapo.

Akimaliza hutoa maoni, nayo ni ya namna nne. Ya kwanza ni kwamba hesabu zinaonyesha hali ya kweli. Hayo huitwa maoni safi. Ya pili, hesabu ni sawa isipokuwa jambo fulani, nalo hutajwa. Ya tatu, hesabu hizi haziaminiki, zinapotosha. Ya nne, nimenyimwa vitabu au sikupata ushahidi wa kutosha, kwa hiyo sitoi maoni yoyote. Mwanachama wa kawaida akiambiwa “hesabu zimekaguliwa” anapiga makofi, na huenda ni maoni ya tatu! Neno “zimekaguliwa” halina habari ndani yake. Yapasa tuulize: mkaguzi alisema nini?

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili pia, nisije nikaonekana wakili wa wahasibu. Mwaka 1999 Kenya ilianza kuzifuata kanuni za kimataifa za kuandika hesabu, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, na chama chao kilijivunia, nacho kilistahili. Lakini kanuni nzuri hazikuzuia Imperial Bank kufungwa Oktoba 2015, wala Chase Bank kuwekwa chini ya msimamizi Aprili 2016. Benki hizo mbili zilikuwa na wakaguzi, na wakaguzi walikuwa na leseni. Huko Marekani, kampuni ya Enron ilipoanguka mwaka 2001 ilimwangusha na mkaguzi wake, Arthur Andersen, aliyekuwa mmoja wa wakubwa watano duniani.

Sababu mojawapo haijifichi. Mkaguzi hulipwa na yule anayekaguliwa. Mimi nikikuta gurudumu bovu, mwenye behewa hanipunguzii mshahara. Mkaguzi wa hesabu akikuta ufa, mwaka ujao huenda kazi akapewa mwingine. Tena wanaomhukumu mhasibu aliyekosa ni, kwa sehemu kubwa, wahasibu wenzake. Sisi wa reli twajua vizuri jinsi kikao cha wenzako kinavyoweza kuwa na huruma. Sheria yasema chama hicho ni cha kutulinda; lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuisikia hukumu ya kamati yao kwa lugha tunayoielewa? Taarifa zao ni za Kiingereza. Ripoti ya mkaguzi ni ya Kiingereza. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni, ya padri, nikashukuru. Kiingereza cha kuagiza vipuri ninacho, lakini cha maoni ya mkaguzi sina. Kama kweli wanatuhudumia, na watuandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili. Hilo si jambo la kuwashinda watu waliofaulu mitihani migumu namna ile.

Hata hivyo, mtu haachi kuvaa viatu kwa sababu kiatu kimoja kilimbana. Aliyepiga muhuri wa kikundi chetu cha Kiembeni hatukuwa na pa kumpeleka. Hayumo katika orodha, basi hana cha kufutwa. Mwenye leseni ana kitu cha kupoteza, nacho ni riziki yake.

Kwetu sisi katika chama, jambo hili lina historia yake pia. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1952, wakati wa ukoloni, ilimpa msajili uwezo wa kudai hesabu za chama, na wazee wetu wengi waliiona daftari kama fimbo ya Serikali. Hawakukosea sana. Lakini tabia ile imebaki hata pale ambapo fimbo imegeuka kuwa yetu. Sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 yataka chama cha wafanyakazi kitunze vitabu vya hesabu, vikaguliwe, na taarifa ipelekwe kwa Msajili kila mwaka. Tena mwanachama ana haki ya kuvitazama vitabu hivyo. Ni nani kati yetu amewahi kwenda ofisini akasema, “Ndugu Katibu, nimekuja kutazama vitabu”? Mimi sijawahi. Tunakatwa ada kwenye mshahara kila mwezi, na tunaona aibu kuuliza, kana kwamba kuuliza ni kumtukana mtu.

Na pensheni ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2006, njia za reli zilipokodishwa kwa Rift Valley Railways, uliundwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ukapewa ardhi na majumba ya shirika ili kulipia deni la wastaafu. Rift Valley wamekwisha kuondoka, mwaka 2017, na mwaka huohuo reli mpya ikafunguliwa pale Miritini. Wastaafu bado wapo na wanakula kila siku. Mali ya mfuko kama huo haionekani kwa macho isipokuwa katika vitabu. Mzee aliyeendesha injini miaka thelathini anategemea sahihi ya mtu ambaye hatamwona kamwe.

Narudi kwenye hoja yetu. Wasema ada ni kubwa. Tuchukulie mkaguzi atadai Sh. 36,000/-, na sisi tuko 180, ni Sh. 200/- kwa mtu, mara moja kwa mwaka. Msiba mmoja uliokosa pesa wagharimu zaidi. Ikiwa mkutano utaona hata hiyo ni nyingi, mimi sitakasirika, ila nitataka tufanye kwa uwazi: tuchague wanachama watatu wasio wa kamati, wapewe daftari, stakabadhi na karatasi za benki wiki mbili kabla, nao waje wasome walichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Mfuko mdogo waweza kuendeshwa hivyo. Lakini tusiite ukaguzi, na muhuri wa buluu usiletwe. Watu watatu waliochunguza waitwe watu watatu waliochunguza.

Na kama tutamwajiri mkaguzi, jina lake litafutwe kwanza katika orodha ya ICPAK, pamoja na leseni yake ya mwaka huu, kabla hatujamwandikia barua. Kazi hiyo ya kutafuta naweza kuifanya mimi. Yule binti wa jirani amenionyesha jinsi ya kutumia simu. Yeye sasa amebakiza sehemu ya mwisho ya mitihani. Baba yake ni kuli wa bandarini. Alianza akiwa na C+ ya kidato cha nne, akifanya kazi dukani mchana na kusoma usiku, na stima ikikatika alisomea taa ya simu. Wenye watoto wa namna hiyo waliomaliza shule na kukaa nyumbani waje waniulize, nitawapeleka wakaonane naye.

Kikundi chetu cha Kiembeni kimeanza tena, nyumba thelathini na moja tu. Wengine hawataki kusikia. Nimelipa zile Sh. 2,000/- zangu zilizobaki, na nimepewa stakabadhi, namba 7.

Siku ya mkutano wa tawi nitasimama kuipinga hoja kama ilivyo sasa. Mwenye stakabadhi za mfuko wa maafa za miaka miwili iliyopita, hata kama zimeliwa na mende, namwomba aje nazo.

Ni mimi mwenzenu,
Mkaguzi wa Mabehewa, Kiembeni